Shangazi, zabibu hazikuoza

SWALI

Shikamoo shangazi. Naomba usiweke jina langu wala la chuo, sema tu ni binti wa Manyoni anayesoma hapa Dodoma mwaka wa tatu, nimebakiza UE, mitihani ya mwisho wa semista, za mwezi wa saba nimalize, mahafali ni mwisho wa mwaka. Hii barua nimeiandika mara nne nafuta, leo naituma hivi hivi ilivyo maana nikiisoma tena sitaituma.

Ilianza hivi. Mwalimu wangu wa sekondari alinipigia akasema ukirudi nyumbani uje uongee na watoto wa form four, uwaambie chuo kimekufunza nini, wakisikia kutoka kwako wataelewa kuliko sisi kila siku. Nikasema sawa mwalimu. Usiku nikachukua daftari nikaanza kuandika na mwanzoni nilikuwa nafurahia kweli. Niliandika kwamba bumu, ile hela ya kujikimu ya bodi ya mikopo, likiingia siku tatu za mwanzo usinunue kitu cha starehe, lipa kodi kwanza, nunua unga mchele mafuta mkaa, ndo uangalie kilichobaki, maana mwaka wa kwanza mi nilikula chipsi kuku wiki mbili afu wiki sita zilizofuata nikawa nakunywa uji. Niliandika kuhusu sapu yangu ya takwimu, yaani nilifeli ikabidi nirudie mtihani, nililia siku nzima nikijua nimeshadisko, nafukuzwa chuo, kumbe yule yule mwalimu wa somo niliyekuwa namwogopa nilipoenda ofisini kwake alikaa na mimi saa nzima akanielekeza mpaka nikaelewa, na semista nzima sikuwahi kumuuliza swali hata moja. Niliandika kuhusu kuishi na mtu wa dini nyingine. Mwenzangu tunayekaa naye chumba kimoja ni Mrangi wa Kondoa, Mwislamu, mi Mnyaturu na ni Mkristo, Ramadhani ya kwanza nilikuwa naamka usiku kumpashia daku ingawa mimi sifungi, na Jumapili yeye ndo ananiamsha nisichelewe ibada.

Nilipofika kwa huyu mwenzangu kalamu ikagoma shangazi.

Mwaka jana, tukiwa mwaka wa pili, tulikuwa na biashara ndogo ya zabibu. Mwezi wa pili na wa tatu zikiwa zimeiva tunapanda daladala mpaka Mpunguzi, tunanunua kwa wakulima shambani, tunazituma Dar kwa basi na huko mchumba wangu wa wakati huo anazipokea na kuwauzia watu wa mtaani kwake. Mara mbili ilienda vizuri, faida ndogo lakini tukala na kubakiza. Mara ya tatu tukasema tuongeze mtaji. Mimi nilitoa 80,000. Yeye alitoa 180,000, na hiyo haikuwa hela yake ya kuchezea, ilikuwa ada iliyobaki, baba yake alikuwa ameuza mbuzi watatu akamtumia. Yeye mkopo wa bodi alikosa. Akasema tuzungushe wiki mbili tu halafu nailipa ada yangu.

Siku hiyo kreti hatukupata, ndo yeye akasema tununue ndoo zenye mifuniko, zitakaa vizuri kwenye buti la basi. Tukajaza ndoo kumi usiku ule, tumechoka tunacheka, asubuhi nikazipeleka stendi.

Zilifika salama shangazi. Ziliuzwa zote, laki nne na ishirini, na mchumba wangu akanitumia hela yote kwenye simu yangu. Mi nikamwambia mwenzangu zimeoza. Nilimwonyesha mpaka picha ya zabibu zilizooza niliyoitoa mtandaoni. Na aliponiuliza kwa nini zimeoza wakati zile mara mbili hazikuoza nikamjibu, ni zile ndoo zako, zimefukuta njiani. Hilo neno "zako" ndo nalisikia mpaka leo.

Hela nilienda nayo Dar siku nne, nilinunua simu, nilisuka, nilinunua gauni. Mchumba mwenyewe tukaachana kabla hata ya Pasaka.

Mwezi wa saba ulipofika ada yake haikuwa imekamilika, hakuruhusiwa kukaa mtihani. Baba yake hakuwa na cha kuuza tena mpaka avune. Akaahirisha akarudi Kondoa, amekaa huko miezi 8 anachoma vitumbua na kulima, akarudi mwezi wa tatu mwaka huu akaja kukaa na mimi kwenye chumba kile kile. Sasa hivi mi namaliza mwaka wa tatu yeye ndo anamaliza wa pili. Hajui kitu. Na siku hizi hataki kabisa kusikia biashara, tukipita kwa wale akina mama wanaouza zabibu barabarani anageuza uso anasema mi nina mikono ya mkosi. Zile ndoo zilirudi, tisa bado zimepangwa nyuma ya mlango, moja tunachotea maji.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Nyumbani wameunda kamati ya sherehe yangu, kuna grupu la michango, bajeti imefika milioni moja na nusu. Mama anampenda sana huyu mwenzangu maana nimekuwa namsifia, kwa hiyo ameagiza akae meza kuu kama dada yangu wa chuo na amemnunulia kitenge. Na juzi mwenzangu ametuma mchango wake kwenye grupu, 20,000. Ile hela ameipata kwa kuwafulia watu nguo. Niliiona nikatoka nje nikakaa chini ya mti mpaka giza likaingia.

Kuna rafiki yangu mmoja nimemweleza, ananiambia funika kombe mwanaharamu apite, mambo ya zamani hayo, utamuumiza bure, umebakiza mwezi mmoja utoke. Mi nilifikiri nimtumie hela kwa wakala bila jina langu, nikishapata kazi. Shangazi niambie ukweli, nimwambie au ninyamaze? Na nikimwambia nitaanzia wapi?

Ni mimi mwanao, Dodoma.

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nimeisoma nikiwa nimekaa barazani na sikuweza kuendelea na kazi nyingine. Sitakukemea, ulivyojisema mwenyewe kunatosha, lakini pia sitakupunguzia chochote kwa sababu hukuniandikia nikubembeleze. Mwambie. Mwambie mwezi ujao kabla hajapanda basi la Kondoa, na nitakueleza kwa nini na vipi.

Mimi nimekulia kwenye zabibu. Baba yangu alikuwa na shamba upande huo huo wa Mpunguzi, tukiwa watoto tunachuma asubuhi sana kabla jua halijapanda, haziruhusiwi kuoshwa, unakaa na mkasi unatoa punje zilizopasuka moja moja kwa sababu ikioza moja inaharibu kichala kizima, halafu unapanga kwenye kreti au boksi lenye matundu zipumue. Ndoo yenye mfuniko ni mbaya kweli, zabibu zinatoa jasho humo ndani na kama safari ni ndefu na joto kali zinaweza kuharibika. Kwa hiyo uongo wako ulikuwa na ukweli katikati, na ndo maana mwenzio aliumeza wote. Angekuwa ameambiwa zimeibiwa angeuliza, angefuatilia, angeenda stendi. Lakini aliambiwa kosa ni lake, na ni kosa linaloaminika, akaulize nini tena? Alinyamaza akaenda nyumbani kuchoma vitumbua.

Hapo ndipo pananiuma mimi kuliko hela. Hela uliichukua mara moja, lakini hii ya kumfanya aamini ana mikono ya mkosi unaendelea kuichukua kila siku anapoamka. Mtoto wa watu alikuwa na akili ya biashara, ndo aliyekuwa tayari kuongeza mtaji, leo anageuza uso akiona zabibu. Akitoka chuo hapo, na unajua ajira zilivyo, atahitaji huo moyo wa kuthubutu kuliko hata cheti, na wewe peke yako ndo unajua kwamba hakuwahi kushindwa. Ile biashara ilifanikiwa! Ndoo zake zilifika. Hana habari.

Ndo maana hilo la kutuma hela kwa wakala bila jina nalikataa kabisa. Itamwingia, atamshukuru Mungu, atashangaa nani kamkumbuka, na jioni ataendelea kuamini kwamba aliozesha ada yake kwa mikono yake mwenyewe. Utakuwa umejilipia usingizi wako tu.

Na huyo rafiki yako wa funika kombe, mwambie kombe lenyewe halijafunikwa. Kuna kijana yuko Dar anajua aliuza ndoo ngapi na alituma shilingi ngapi na kwa nani, na mmeachana. Watu wakiachana siri hazina mwenyewe. Mimi yaliwahi kunikuta, siyo ya zabibu, ni mambo ya mchezo wa hela wa akina mama, niliambiwa mzunguko ulivurugika kwa sababu yangu nikaamini miaka mitatu, halafu siku moja niko soko la Majengo nimeshika mfuko wa nyanya mtu wa tatu kabisa ananieleza ilivyokuwa, akidhani najua. Nilisimama pale nikashindwa hata kulipia nyanya. Yule aliyenifanyia tungeongea yangeisha, lakini kwa kuwa nilisikia sokoni sikuweza tena kukaa naye, na alikuwa mtu wangu wa karibu sana. Usimwachie mwenzio aje asikie hivyo.

Sasa vipi. Kwanza usimwambie leo wala wiki hii, na ninajua hiyo ni ngumu maana umeshafungua moyo unataka kuutua. Naye ana mitihani mwezi wa saba, ile ile aliyoikosa mwaka jana kwa sababu yako. Ukimwambia sasa hivi utamharibia mara ya pili. Subiri atoke kwenye chumba cha mtihani wa mwisho, umpe usiku mmoja alale, kesho yake ndo iwe siku. Hizi wiki zilizobaki mpikie, chota maji wewe, mwache asome, na usianze kumnunulia vitu vya ajabu ajabu mpaka akajiuliza una nini.

Siku hiyo msiongelee chumbani, chumba ni cha wote wawili na akitaka kuondoka itabidi akuache humo au akufukuze. Tokeni mkatembee jioni, mahali pana hewa, ambapo anaweza kukugeuzia mgongo akaenda zake bila kupita katikati ya watu. Usiende na rafiki wa kukusindikiza. Usitume meseji, usitume voisi. Na sentensi yako ya kwanza iwe hii hii, zabibu hazikuoza. Usianze na unajua nakupenda, usianze na shetani alinipitia, usianze na yule mwanaume alivyokuwa ananidanganya. Sema hazikuoza, ziliuzwa zote laki nne na ishirini, hela nilichukua mimi, picha niliitoa mtandaoni, ndoo hazikuwa na tatizo. Halafu nyamaza.

Najua utalia. Jitahidi usilie, na siyo kwamba kulia ni vibaya, ila huyo mwenzio navyomsoma ni mtu wa huruma, akikuona unalia ataanza kukubembeleza wewe, na hiyo siku siyo yako. Usimwombe msamaha ukamsubiri ajibu hapo hapo. Sema samahani mara moja umwache. Anaweza kukutukana. Anaweza asiseme kitu akachukua begi akaenda kulala kwa mtu mwingine. Anaweza kumpigia baba yake, na yule mzee mwenye mbuzi watatu naye ana haki ya kusema neno. Yote hayo yapokee, na usiende kumtafutia watu wa kumtuliza.

Kuhusu hela, umeniandikia kana kwamba deni ni 180,000. Siyo. Mtaji wenu ulikuwa 260,000, yeye ndo aliweka sehemu kubwa, na mauzo yalikuwa 420,000. Ukigawa kwa haki sehemu yake ni kama 290,000 na kidogo, hiyo ndo hesabu uende nayo imeandikwa kwenye karatasi. Miezi 8 ya Kondoa sijaihesabu kwa sababu hainunuliki, usijifanye unaweza kuilipa. Nenda na kiasi chochote ulichonacho siku hiyo, hata kama ni 50,000, na ile simu kama bado ina thamani iuze. Umesema utalipa ukipata kazi. Mwanangu, deni la bodi lina sheria yake, ukishaajiriwa mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi upende usipende, lakini hili la mwenzio hakuna atakayekukata, na ukilisubirisha kazi litazeeka na wewe. Yeye ana ada ya mwaka wa tatu chuo kikifungua, hapo ndo hela inatakiwa iwe imefika.

Na hela ipo, mnaichangisha. Milioni moja na nusu kwa ajili ya ukumbi, keki na muziki wa siku moja. Hapa itabidi uongee na mama yako, na hilo naona ndo unaloliogopa kuliko hata la mwenzio, ndo maana kwenye barua hukuniuliza. Lakini fuata mpangilio, mwenzio asikie kwanza, mama baadaye, maana hii siri kabla ya kuwa yako ni ya kwake. Ukimweleza mama mwambie unataka sherehe ndogo, chakula nyumbani na ndugu wa karibu, na michango iliyotoka kwa ndugu mkubaliane na kamati waziwazi kwamba sehemu inaenda kulipa deni lako la chuo. Huna haja ya kuwaeleza wote deni la nini. Mama ataumia. Amemnunulia binti wa watu kitenge kwa mapenzi yake, akijua ataumia sana, ila mzazi aliyekupeleka chuo kutoka Manyoni hawezi kukuacha hapo.

Hilo la meza kuu lisimamishe sasa hivi, mwambie mama asubiri kidogo kupanga watu wa kukaa mbele, basi, bila maelezo. Mwenzio asije akakaa pale anapigiwa makofi halafu akaja kujua. Akishajua, aje au asije ni uamuzi wake, na ile 20,000 yake ya kufulia nguo mrudishie mkononi siku ile ile mtakapoongea, kabla hata hajaiulizia.

Na wale watoto wa form four. Nenda ukaongee nao, usijitoe. Yale ya bumu ni ya kweli na hakuna anayewaambia, ile ya kwenda ofisini kwa mwalimu wa takwimu ndo nzuri kuliko zote, wasichana wengi wa huku kwetu wanafeli kimya kimya kwa kuogopa kuuliza, waambie hivyo hivyo ulivyoniandikia. Hili la zabibu muulize mwenzio. Akikuruhusu lisimulie bila jina lake wala kijiji chao, akikataa lifunge kwenye daftari lako na usilitumie kujipatia sifa ya mtu aliyetubu.

Kitu cha mwisho hiki ni cha kumpelekea yeye, siyo wewe. Msimu mwingine wa zabibu unakuja mwezi wa nane na wa tisa. Ikifika siku akatulia, hata kama hamsemeshani, mfikishie kwa njia yoyote kwamba kuna shangazi ambaye kwao wanalima zabibu upande wa Mpunguzi, akitaka aniandikie, nitamuunganisha na mkulima asiyeuza zilizopasuka na nitamwonyesha mwenyewe jinsi ya kuzipanga kwenye kreti ili zifike Dar nzima. Mtaji aanze na kitakachobaki kwenye hela utakayomrudishia, ada ikishatengwa.